Gogo la mwembe likiwa bado na maji: jinsi ya kukereza bakuli

Mwembe ukikatwa mtaani kwetu Tanga, iwe ni kwa ajili ya barabara au kwa sababu mwenye nyumba amechoka majani kwenye bati lake, ikifika jioni hakuna kitu pale. Matawi yameshachukuliwa na mama ntilie, na shina la upana wa futi mbili limepasuliwa kwa shoka na kupangwa ukutani. Sina ugomvi na kuni, hata kwangu tunapikia kuni. Ila kwenye lile shina mlikuwa na mabakuli kumi na tano, na mimi nikichelewa nusu siku nakuta vipande.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashine ya kukereza mbao, ile inayozungusha kipande huku ukikichonga kwa patasi, au anayeweza kumwomba fundi wa miguu ya vitanda amwachie mashine mchana mmoja. Nitafuata mwembe mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndio tunaoupata kila leo, nikigusia miti mingine njiani. Usishangae nikikaa sana kwenye gogo kabla ya kufika kwenye mashine. Mabakuli niliyoyatupa maishani mwangu, mengi yaliharibika kabla hata sijawasha swichi.

Mti wa kuchukua na wa kuacha

Mwembe ni mti wa kujifunzia. Ukiwa mbichi unakatika kama jibini, hauna harufu mbaya, na rangi yake huanzia manjano hafifu hadi kahawia. Gogo likikaa kivulini wiki kadhaa, ukungu huingia na kuchora michirizi myeusi ambayo hakuna fundi anayeweza kuichora. Ukichelewa zaidi ya hapo mbao inalainika kama andazi na haifai tena. Bonyeza kwa ukucha: ukizama, rudisha kwenye kuni.

Mfenesi una rangi ya bizari ukikatwa leo, na baada ya miezi kadhaa kwenye mwanga unageuka kahawia. Mwambie mnunuzi mapema, asije akadhani umempaka rangi. Huko milimani, Lushoto na hata Kenya ya kati, utapata mgrivea uliopandwa mipakani mwa mashamba. Una marembo kama wavu wa samaki, lakini vumbi lake huwasha ngozi za watu wengine. Mvule wa nyumba iliyobomolewa ni mali, ila ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa vinavyomaliza makali ya patasi kwa mguso mmoja. Mwarobaini naukereza vyombo vya kuwekea funguo na vifungo tu. Chakula siuwekei.

Usiguse mnyaa, utomvu wake ukiingia jichoni ni safari ya hospitali. Mwoleanda pia uache, una sumu. Nguzo za umeme zilizotupwa zina dawa ya kuzuia mchwa, na mbao zenye rangi ya zamani huenda zina madini ya risasi. Mbao za jahazi zimekunywa sifa (mafuta ya papa) na chokaa miaka mingi, na zimejaa misumari. Zinapendeza kwa fremu ya kioo, wala si kwa saladi.

Sehemu nzuri kuliko zote kwenye mti wowote ni panda, pale shina linapogawanyika. Nyuzi za mbao zimesokotana na zinang'aa kama manyoya. Wauza kuni hawaipendi kwa sababu shoka haliipasui, kwa hiyo mara nyingi unapewa bure.

Neno moja la sheria. Mti wa mtaani, pita kwanza serikali ya mtaa. Gogo la kutoka shambani utakalolisafirisha kwa gari, uliza ofisi ya wilaya ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kuhusu kibali cha kusafirisha kabla hujapakia, maana kwenye kizuizi hakuna atakayekusikiliza ukisema ni la bakuli.

Siku tatu za kwanza

Maji ndani ya mti hutoka upesi sana kupitia vichwa vya gogo, pale msumeno ulipopita, na polepole mbavuni. Kichwa kinasinyaa wakati tumbo bado limejaa maji, na hapo ndipo linapopasuka. Kwa jua letu la Januari, na kaskazi inavuma, kazi hiyo haihitaji wiki. Niliwahi kuacha vipande sita vya mwembe juu ya banda kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Niliporudi, sarafu ya shilingi mia iliingia kwenye nyufa ikasimama.

Kwa hiyo saa ileile gogo linapokatwa, paka vichwa vyote viwili. Rangi ya maji iliyobaki kwenye ndoo inatosha, ukiipaka mara mbili, na nta iliyoyeyushwa ni bora zaidi. Usilikate vipande vifupi. Acha gogo refu kadiri unavyoweza kulibeba, kwa sababu hata likipasuka vichwani utakata sentimita tano kila upande na katikati pabaki pazima. Liweke kivulini juu ya vijiti, lisiguse ardhi mchwa wasije wakalitangulia, na lifunike kwa magunia yaliyolowanishwa.

Siku ya kulikata, jambo la kwanza ni misumari. Mwembe wa mtaani umepigiliwa kila kitu: tangazo la mganga, la dalali wa viwanja, la mgombea wa mwaka gani sijui, kamba ya kuanikia nguo. Mti hukua ukaimeza yote. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, nimeifunga uzi, naipitisha taratibu juu ya ganda. Ikiyumba, naweka alama ya chaki. Msumari uliozama sana sumaku haiufikii, lakini mbao yenyewe inakuambia: ukiona doa la bluu nyeusi kwenye kichwa cha gogo, chuma kiko karibu.

Kipande cha bakuli kina urefu sawa na upana wake. Ukitaka bakuli la sentimita 25, kata gogo urefu wa sentimita 28 hivi. Kisha lipasue kwa urefu kupitia kiini, ile nukta ya katikati. Kiini hakibaki kwenye bakuli hata siku moja. Ondoa ubao wa sentimita mbili au tatu kila upande wa mstari wa kati, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Ukikata kwa chenso, inua gogo juu ya vipande vya mbao na lizuie kwa kabari. Mnyororo ukigusa mchanga mara moja tu, umeshakuwa butu.

Sasa una nusu gogo, upande mmoja bapa na mwingine wenye ganda. Upande bapa ndio utakuwa mdomo wa bakuli, wa ganda utakuwa kitako. Piga msumari katikati ya upande bapa, funga uzi na penseli, chora duara, halafu punguza pembe kwa msumeno mpaka kipande kikaribie mviringo. Kadiri unavyopunguza hapa, ndivyo mashine itakavyotetemeka kidogo baadaye. Usipoweza kukikereza siku hiyohiyo, kitumbukize kwenye pipa la maji au kifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwa siku mbili tatu tu kabla ukungu haujaanza.

Mashine, mwendo na makali

Mashine yangu ni ya kuchomelea: reli mbili za chuma, shafti kwenye beringi mbili, na mota ya nguvu ya farasi moja inayozunguka mara 1,440 kwa dakika. Puli ya inchi 2 kwenye mota ikivuta ya inchi 5 kwenye shafti, unapata mizunguko kama 576. Huo ndio mwendo wa kuanzia kwa kipande kibichi cha sentimita 25. Kikishakuwa duara kamili nabadilisha puli ya mota kuwa ya inchi 3, napata 864. Kanuni ninayoifuata: upana wa kipande kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika, usivuke 23,000. Sinia la sentimita 50 halizungushwi kama bakuli la chumvi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi kabla hujaenda kuuliza kama ni kwako tu. Unaporudi wenyewe, mashine itaanza na patasi imelala juu ya egemeo, kile chuma cha kuilaza unapokata, na mtoto amesimama mlangoni.

Patasi kuu ni bobari, ile yenye mfereji. Mafundi wengi wa gereji wanaweza kukufulia moja kutoka kwenye springi ya gari, na chuma chake ni kizuri. Inoe kwa mteremko wa digrii kati ya 45 na 55, ukiichovya kwenye maji kila mara. Chuma cha springi kikigeuka bluu jiweni kimeshapoteza ugumu wake. Ila usinoe tupa kuukuu ukaigeuza patasi. Chuma cha tupa ni kigumu na kinavunjika kama kioo. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, kwa ubahili. Iling'ata mbao ghafla, ikakatika inchi moja mbele ya egemeo, kipande kikanipita sikioni na kutoboa bati. Lile tundu sijaliziba. Mvua ikinyesha linanidondoshea palepale ninaposimama.

Vaa kinga ya uso mzima, si miwani tu, na barakoa, hasa kwa mbao yenye ukungu au mvule. Mikono ya shati ikunjwe juu ya viwiko. Glavu usivae, ikinaswa inakwenda na kidole. Na wale wazoefu wa kufanya kazi na kikoi, tafadhalini, badilisheni.

Kukereza likiwa bichi

Funga sahani ya chuma kwenye upande bapa kwa skrubu zisizopungua nne, za inchi moja na nusu, ukizingatia kwamba hapo katikati utapakomba baadaye. Usitumie zile skrubu nyeusi za jipsamu. Zinaingia vizuri na zinakatika vizuri zaidi. Sogeza kichwa cha nyuma cha mashine mpaka ncha yake ikandamize upande wa ganda. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima uone kama kipande kinagusa egemeo. Ndipo usimame pembeni, si mbele ya kipande, na uwashe.

Patasi iguse mbao kwa kisigino kwanza, ule mteremko nyuma ya makali. Hapo haikati, inasugua tu. Kisha inua mkono wa nyuma polepole mpaka utepe wa kwanza utoke. Huo ndio ujuzi wote wa bobari, na sijui njia ya kuueleza bila kuwa na mbao mbele yangu: kisigino kinabeba, makali yanafuata. Kisigino kikiachia mbao, makali yanajitupa yenyewe, yanang'ata, na kipande kinaruka. Ukikata sawasawa unasikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, na maji ya mwembe yanakurushia mstari kifuani. Ukisikia kugongagonga, makali yameisha au umebadilisha mwinamo.

Nje ya bakuli unakata kutoka kitakoni kwenda mdomoni, kutoka pembamba kwenda pana, ili nyuzi unazozikata ziwe zinaungwa mkono na nyuzi nyingine chini yake. Ndani unakwenda kinyume chake, kutoka mdomoni kushuka kitakoni. Ukigeuza, mbao inang'oka vinyweleo ambavyo msasa hauviondoi.

Ukishapata umbo la nje, tengeneza ulimi wa mviringo kitakoni, upana wake kama mbili ya tano ya upana wa bakuli. Huo ndio utakaoshikwa na kishikio cha taya nne utakapoligeuza bakuli kukomba ndani. Huna kishikio cha taya? Acha kitako kinene na ufunge sahani hapo kwa skrubu fupi, utakuja kuyapunguza matundu mwishoni. Gundi nyeupe haishiki mbao mbichi, usijaribu.

Komba ndani mpaka unene wa ukuta ubaki moja ya kumi ya upana. Bakuli la sentimita 25, ukuta sentimita mbili na nusu, na kitako vilevile. Watu wengi huacha kitako kinene "kwa usalama", na hapo ndipo linapasuka, kwa sababu ukuta unakauka kabla ya kitako na vinavutana. Unene uwe mmoja kila mahali. Usilipendezeshe. Kwa sasa ni bakuli baya, zito, na linatakiwa kuwa hivyo.

Sufuria la pilau

Hatua hii wengi wanairuka na wanajuta. Mbao ya mwembe ina wanga, na bungua wanaupenda. Unaweza kumaliza bakuli, ukaliuza, na baada ya miezi miwili mteja akakupigia kwamba linamwaga unga mezani. Chemsha bakuli bichi kwenye sufuria kubwa, lizame lote, saa moja tangu maji yaanze kutokota kwa ukuta wa sentimita mbili na nusu. Maji yatakuwa kama chai ya rangi. Joto linaua mayai na viwavi vilivyomo, na mbao iliyochemshwa hupasuka kwa nadra wakati wa kukauka. Nunua sufuria lako mwenyewe. La nyumbani litazua kesi.

Liache lipoe ndani ya maji yaleyale, ulitoe, ulifute, ulipake nta kwenye zile sehemu mbili za ukuta zinazoonyesha vichwa vya nyuzi, pale nyuzi zilipokatwa. Andika kwa penseli kitakoni tarehe na uzito. Kisha lizike kwenye maranda yake makavu ndani ya gunia la katani au boksi la karatasi, mahali pasipo na upepo. Si kwenye kiroba cha plastiki, litaota ukungu.

Kila wiki lipime, hata kwa mizani ya duka la jirani. Wiki za mwanzo uzito unashuka sana, baadaye kidogo kidogo. Uzito ukibaki uleule wiki tatu mfululizo, limekauka kadiri hewa ya kwako inavyoruhusu. Kwangu huchukua miezi mitatu hadi mitano, na lililoanza kukauka kabla tu ya masika huchukua zaidi. Badilisha maranda yakiwa na unyevu. Kuliweka juani ili kuharakisha ni kuanza upya na gogo jingine.

Utakapolitoa halitakuwa duara tena. Mbao husinyaa kufuata miduara ya umri karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kiini, kwa hiyo bakuli limekuwa kama yai. Ndiyo maana uliacha ukuta mnene.

Mara ya pili

Ulimi nao umekuwa yai, kwa hiyo kwanza unyooshe. Kandamiza mdomo wa bakuli kwenye ubao wa duara uliofungwa kwenye sahani, weka kipande cha mpira wa tairi katikati lisiteleze, na kichwa cha nyuma kisukume kitakoni. Kereza ulimi upya, rekebisha nje, kisha ligeuze na ulishike kwa ulimi. Mbao kavu inatoa vumbi na vipande vifupi badala ya tepe ndefu, na inataka patasi iliyonolewa dakika hiyo.

Ndani, maliza sehemu moja kabla ya kushuka nyingine: sentimita tatu za juu kwanza mpaka unene wa mwisho, halafu tatu zinazofuata. Ukishapunguza chini, usirudi mdomoni, maana ukuta mwembamba unatikisika na patasi itang'ata. Milimita saba au nane zinatosha kwa bakuli la kutumika. Kuna mafundi wanaokereza mpaka mwanga unapita. Ni mazuri kuyatazama, lakini mwanangu aliangusha moja na likaisha.

Nyufa ndogo zijaze kwa unga wa buni na supagluu. Zinageuka mistari myeusi na wateja wanadhani ni urembo.

Msasa: namba 80 ikiwa patasi imekuangusha, kisha 120, 180, 240, 320. Usiruke namba. Mwisho toa ulimi kwa njia ileile ya kukandamiza, na kitako ukikombe kidogo katikati ili bakuli lisiyumbe mezani.

Mafuta

Vanishi siitumii kwenye chombo cha chakula, inabanduka na vijiko. Nachukua nta ya nyuki sehemu moja na mafuta sehemu nne, nayeyusha kwenye bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Mafuta mazuri kwa hili ni parafini ya maji inayouzwa duka la dawa. Ndugu zetu wa Kenya mnaoita mafuta ya taa parafini, someni tena sentensi hiyo: si hayo. Mafuta ya nazi yaliyosafishwa yanafaa pia, ila hayakauki ndani ya mbao, kwa hiyo yanataka kurudiwa mara kwa mara, na ya kukamua nyumbani yakikaa yanaanza kunuka.

Ukipendelea mafuta ya kitani, yanayokauka na kuwa magumu, angalia matambara. Tambara lenye mafuta hayo likikunjwa na kutupwa kwenye kona linajipasha moto lenyewe mpaka kuwaka. Litandaze nje juu ya waya, likauke likiwa wazi, ndipo ulitupe.

Paka kwa ukarimu, acha usiku kucha, futa yaliyobaki, rudia mara tatu. Mwembe utanywa kweli mara ya kwanza, hasa kwenye zile sehemu mbili za vichwa vya nyuzi, ambazo zitatoka na rangi nzito zaidi. Anayelinunua mwambie alioshe kwa mkono na kulifuta papo hapo, asiliache limelowekwa na sufuria za jana, na likianza kuonekana kama kisigino cha mkulima alipake tena.